Mto Mkavu wa Nuu na Ukurasa Tulioruka

Vijana wangu wa Kathonzweni, siku ile mlipokuja kwangu na simu zenu na kile kidude chenu cha kuruka angani, mkitaka kuipiga upya filamu ya kile kitabu, mliniuliza swali nikawajibu haraka kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Mumo aliuliza, "Mwalimu, kati ya filamu zote za hiyo kitabu, ni gani imefuata kitabu vizuri?" Nikasema ni yetu. Akauliza tena, "Mlibadilisha nini?" Nikasema kitu kimoja tu, maji, na mengine yote ni neno kwa neno. Nilimwona Mumo akiandika. Sasa tafuteni hiyo karatasi myafute hayo maneno, halafu mkae niwaeleze, kwa sababu nilikosea, na kosa lenyewe si la juzi.

Kwanza hilo jina la Mwalimu. Sijawahi kufundisha hata darasa moja. Nilikuwa mpiga picha za harusi na mazishi, nikaingia kwenye kikundi kilichorekodi vitabu vya mtihani na kupeleka kanda mashuleni. Kila tulipokwenda mimi ndiye niliyebeba kitabu kwapani, na watu wa huku wakiona mwanamume na kitabu kwapani humwita Mwalimu. Nilizoea. Baadaye nilianza kuamini, na hapo ndipo mtu hupotea.

Kitabu chenyewe mnakijua, ile riwaya ya msafara ambayo hata baba zenu waliisoma. Kilonzo anaongoza wapagazi kutoka huku kwetu hadi pwani, pembe za ndovu mabegani, na kati yao yuko Mbithi, mzee kuliko wote, ambaye aliambiwa abaki nyumbani akakataa. Wanafika kwenye mto uliofurika. Wote wanavuka, Mbithi anachukuliwa na maji. Ukimuuliza mtu yeyote aliyesoma kile kitabu, hata kama amesahau jina la mwandishi, atakuambia kuhusu Mbithi na ule mto.

Filamu ya kwanza ilionyeshwa kwenye televisheni nikiwa mdogo, na tuliitazama dukani kwa jirani, wengine wakichungulia dirishani. Ilitengenezwa ndani ya chumba. Mto hakuna. Wapagazi wanapunga mikono hewani, na pembeni unasikia mtu akimimina maji kwenye beseni. Tulicheka hadi mwenye duka akatutoa nje. Lakini niwaambie ukweli, wale watu walisema maneno ya kitabu, hawakuruka hata moja. Ilinichukua miaka mingi kabla sijaacha kulicheka lile beseni.

Ya mwisho ni hii ya juzijuzi ya watu wa mjini, ile ya vipande vifupi vya simu. Kilonzo ana mchumba ambaye kitabuni hayupo, na nywele zake zimekatwa vizuri kuliko za mtangazaji wa habari. Mbithi hafi, kwa sababu wanamtaka kwa sehemu ya pili. Mimi niliitazama nikatukana peke yangu kwenye kiti. Nilisema hawa hawana heshima. Kumbe wao wameongeza mchumba, na mimi nimefanya jambo baya zaidi.

Yetu ndiyo ya katikati. Tuliipiga picha huko Nuu.

Mtaniuliza kwa nini Nuu. Ni kwa sababu ya vilima, na ile ardhi nyekundu ambayo ukiipiga picha asubuhi inakaa kama imetoka tanuruni. Na kulikuwa na boma la bibi mmoja, Susu Kalunde, lenye mbuzi wengi na ua wa miiba wa zamani, usio na bati wala waya. Tulihitaji siku sita. Alitukubali, akatupikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kila mchana, na alichotaka ni tumletee kanda ikiwa tayari ili ajione. Tulikula muthokoi hadi Kilonzo wetu akashindwa kufunga mshipi wa mavazi.

Hapo nifundishe kidogo, kwa maana naona mnategemea vidude sana. Jua la Nuu saa sita halifai, linamtia mtu mashimo machoni. Pigeni asubuhi kabla ya saa nne, halafu pumzikeni hadi saa kumi. Upepo ukisumbua kipaza sauti, kifungeni kwa mkono wa sweta kuukuu. Betri zisikae juani, zifukieni kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya mfuko. Na kagueni mikono ya waigizaji. Kilonzo wetu alikuwa mzee wa kanisa aitwaye Mutinda, mtu wa sauti nzito na kifua, na katika filamu nzima amevaa saa ya mkononi. Msafara wa enzi za mababu, na kiongozi anaangalia saa! Hakuna aliyeiona mpaka wanafunzi walipoiona.

Aliyepaswa kuona ni Syombua. Kazi yake ilikuwa kukaa na daftari na kuandika kila kitu: kibuyu kilikuwa bega gani, nani alisimama wapi. Saa ilimpita, lakini alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwa mwingine. Nyuma ya daftari aliandika kila mahali tulipoachana na kitabu. Kitabuni wapagazi ni arobaini, sisi tuna tisa. Kitabuni ni ng'ombe, sisi tuna mbuzi. Alisema watoto watatazama hii badala ya kusoma, kwa hivyo lazima waambiwe. Mwanzo wa filamu tungempiga picha akiwa na ubao wa shule ulioandikwa tofauti hizo kwa chaki. Nilikubali. Wakati huo nilikuwa mtu wa kukubali mambo mazuri.

Shida ilikuwa mto. Nilipokwenda kupaangalia mahali, mvua ilikuwa imenyesha na mto ulikuwa unapita, mwembamba lakini unapita. Tuliporudi na kamera, ulikuwa mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo. Akina mama walikuwa wamechimba visima katikati ya mto, na punda wanavuka na mitungi ya manjano. Mwenyeji wa mahali anajua mito yetu hufanya hivyo kila mwaka. Mimi nilizaliwa Ukambani, nimekunywa maji ya mchanga tangu utoto, na bado nilikwenda kupiga picha ya mafuriko wakati wa kiangazi. Mutinda alisema, "Mwalimu, tuombe." Tukaomba. Jua likazidi.

Basi nikakaa kwenye mchanga na kalamu nikambadilishia Mbithi kifo. Afe kwa kiu. Nilijiona nina akili sana. Tulimlaza Mbithi kwenye mchanga, midomo tumempaka majivu, Kilonzo anamtazama, anachukua pembe yake, anaondoka na msafara. Mbithi ananyoosha mkono. Mimi nyuma ya kamera nililia, kweli kabisa.

Kulibaki onyesho moja dogo. Lakini ilikuwa Jumamosi, na Mutinda alikuwa na zamu ya kuhubiri kesho yake. Alivua mavazi pale pale, akasema, "Hiyo tutafanya siku ingine," akatafuta pikipiki. Siku nyingine haikufika. Nilipokaa kuhariri nikaona filamu inakwisha vizuri tu, Mbithi na mkono wake, Kilonzo anapotea kwenye vumbi. Nikasema imetosha.

Katika siku zote hizo kulikuwa na msichana pale bomani, Ndinda, mjukuu wa Susu Kalunde. Alikuwa kidato cha pili na shule ilikuwa imefungwa, kwa hivyo alikuwa nasi tangu asubuhi. Huyo ndiye aliyetufukuzia punda wasiingie kwenye picha. Aliniuliza maswali hadi nikachoka. Kwa nini mnarudia mara tatu? Kwa nini huyu halii machozi ya kweli? Aliniambia shuleni kwao kitabu kimoja kinasomwa na watu sita, na zamu yake huwa ya mwisho, na akikipata tayari kurasa za katikati zimeshatoka. Mimi nikampiga bega nikasema, "Wewe usijali. Wewe umeona kitabu chenyewe kikitendeka."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu. Syombua alikuwepo, akaniangalia, akaandika kitu kwenye daftari.

Kanda ilipokuwa tayari tuliionyesha kwa mara ya kwanza katika shule moja huko kwenu Kathonzweni. Ukumbi umejaa, mapazia yamefungwa. Ikaanza: Syombua na ubao wake, "KITABUNI SIVYO", na orodha. Wanafunzi wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kelele, "Sasa mmetuletea makosa yenu?" Nilihisi moto masikioni. Kwenye saa ya Mutinda wakacheka tena, lakini kicheko kilichoniuma ni kile cha ubao. Nilirudi nikaukata. Syombua alipojua alikuja na daftari lake mkononi.

"Unaficha nini, Mwalimu?"

"Sifichi. Inaharibu filamu."

"Filamu ni ya nani? Si ya hawa watoto wa mtihani?"

Nilimjibu vibaya, sitaki kuandika nilivyomjibu. Aliweka daftari juu ya meza akaenda, hakurudi kazini. Daftari nililitumia kuandikia hesabu za mafuta ya gari hadi likaisha. Sikuwahi kufungua kurasa za nyuma.

Kanda zikaenda mashuleni bila ubao. Mimi nikawa na shughuli, na kanda ya Susu Kalunde niliichelewesha. Nilipompelekea hatimaye, Ndinda alikuwa ameshamaliza kidato cha nne. Bibi alinipa kiti, akanipa maji kwenye kitete, kile kibuyu cha kunywea. Akasema kwa upole, kwa sababu alikuwa mtu mpole, "Ndinda alianguka Kiswahili. Alitaka kwenda chuo cha walimu, hawakumchukua. Anasema aliandika ya filamu."

Nikasema pole. Nikasema ni kweli, tulibadilisha maji yakawa kiu. Bibi akaniuliza kama naweza kuzungumza naye, yuko Kambu kwa shangazi yake. Nikasema nitapita. Niliweka kanda kwenye meza nikaondoka.

Sikupita. Au tuseme nilipita, mara nyingi sana, maana kupeleka kanda kwenye barabara ya Mombasa ndiyo iliyokuwa kazi yangu, na kila nikikaribia Kambu nilijifanya nalala au natafuta kitu mfukoni. Nilijiambia ni swali moja tu la kiu na maji, haliwezi kuangusha mtu. Nilijiambia alikuwa mvivu wa kusoma. Nilimsema vibaya kichwani mwangu, mtoto aliyesubiri zamu ya sita ya kitabu kilichochanika. Hiyo ndiyo aibu ninayoisikia sana, kuliko hata ya ubao.

Sasa mlipokuja, Mumo aliniuliza wale mbuzi walikuwa wa nani. Swali la kawaida tu, mnatafuta mbuzi. Nikataja Susu Kalunde, marehemu sasa, nikataja mjukuu wake, na mkaandika jina la Ndinda mkasema mtamtafuta ili awaonyeshe mahali. Mlipoondoka nilibaki nimekaa. Niliona ni afadhali nifike kabla yenu.

Nilikwenda Jumanne. Nilinunua nakala mpya ya kitabu nikaitia kwenye mfuko, kama mtu anayepeleka sukari ugenini. Kambu mnaijua, malori pande zote na kila mtu ana kibanda. Nilimuuliza mwanamke wa kwanza, akanionyesha kwa kidevu. Ndinda anauza machungwa na tikiti, kibanda chake kiko safi, na amekuwa mama mnene mwenye sauti. Alinijua kabla sijafungua mdomo.

"Mwalimu."

"Ndinda. Umenikumbuka."

"Nitasahauje? Si wewe ulinionyesha kitabu ikitendeka."

Alinivutia kreti nikakaa. Nikaanza hotuba yangu niliyoipanga njia nzima, kwamba tulikosa maji, kwamba ilikuwa kiangazi, kwamba kiu na mto ni tofauti moja ambayo ningepaswa kuisema. Aliniacha nikamaliza. Alikuwa anapanga machungwa.

"Si kiu iliniangusha," akasema.

"Susu alisema uliandika ya filamu."

"Niliandika ya filamu. Lakini swali haikuwa Mbithi alikufa aje. Swali ilisema, thibitisha ya kwamba Kilonzo ni mtu mwenye utu. Insha, alama zote. Mimi nikakaa hapo. Nikajiuliza, utu gani? Huyu mtu si nilimwona na macho yangu akiacha mzee kwa mchanga akaenda? Nilikuwa nimesimama karibu na wewe. Nikafikiria swali wamekosea. Nikaandika Kilonzo hana utu. Nikaandika kurasa mbili, Mwalimu, na uchungu. Nilikuwa namlilia Mbithi."

Sikumwelewa, vijana. Nawaambia ukweli. Nilidhani hata yeye bado amekosea. Nikamwambia taratibu, kwa ile sauti ya Mwalimu, kwamba hata kitabuni Kilonzo anaendelea na safari, ndiyo maana ya kitabu, msafara haumngoji mtu. Nimesema hivyo miaka yote, mashuleni, kwenye mikutano, kwenu juzi. Nilitoa ile nakala mpya nimpe.

"Hiyo weka. Niko na yangu."

Akainama chini ya meza akatoa kitabu kilichofunikwa kwa karatasi ya mfuko wa simiti, kama tulivyokuwa tukifunika vitabu zamani. Aliniambia alikinunua mwaka ule ule alioanza kuuza machungwa, akakisoma mwanzo hadi mwisho, halafu akamsomea mtoto wake, ambaye sasa yuko sekondari. Alikifungua bila kutafuta ukurasa. Akanipa.

"Soma. Na sauti."

"Hapa?"

"Hapa. Miwani unayo."

Nikasoma. Mto umefurika, wamevuka, Mbithi yuko katikati, maji yanamchukua. Nikasoma wapagazi wanapiga yowe. Nikageuza ukurasa. Na hapo Kilonzo, ambaye ameshafika ng'ambo, ambaye yuko salama, anatupa pembe yake chini, pembe aliyoibeba tangu nyumbani, na anarudi majini. Wenzake wanamshika, anawasukuma. Anamfikia mzee kwenye mizizi ya mti, anamkumbatia, wanatolewa pamoja, na Mbithi anakata roho kifuani kwake. Ukurasa mzima na nusu.

Ndilo lile onyesho dogo lililobaki. Nilikuwa nimeliandika pale mchangani kwa mkono wangu, Kilonzo arudi na maji kwenye kitete amkute mzee amekufa. Mutinda akaenda kuhubiri, mimi nikasema imetosha, na kwa kuwa halikupigwa picha lilitoka hata kichwani. Nilisahau kitabu nikakumbuka filamu yangu. Na nina hakika kabisa liko kwenye zile kurasa za nyuma za daftari la Syombua, na lilikuwa kwenye ule ubao, nililikata kwa mikono yangu.

"Kitabuni anarudi," nikasema.

"Anarudi," akasema Ndinda. "Na anarudi siku hiyo hiyo. Wewe umengoja hadi mtoto wangu amefika sekondari."

Nililia, na si kama nilivyolia nyuma ya kamera. Nilimwambia nisamehe. Hakusema amenisamehe, na hakusema amekataa. Alisema hajawahi kulala njaa, Mungu amemsaidia, lakini alitaka kufundisha, na mpaka leo akisikia kengele ya shule ile ya ng'ambo ya barabara huacha anachofanya kidogo. Lori lilisimama akaenda kumhudumia dereva. Aliporudi akanikuta nimefunga kitabu.

"Mbona umefunga? Hujafika mwisho ya hiyo sura."

Nikafungua nikaendelea kusoma. Aliuza machungwa akisikiliza, na mara mbili alinisahihisha bila kutazama ukurasa.

Nilipokuwa naondoka nilimweleza habari zenu. Atawapeleka Nuu, boma bado lipo ingawa ua wa miiba umeliwa na mchwa. Ubao atauandika mwenyewe, ana mwandiko mzuri. Amesema niwaambie kwamba mkiukata atawafuata hadi Kathonzweni kwa miguu.

Basi nimewajibu. Ngojeni mvua ndipo mwende mtoni. Wavueni watu saa. Na lile onyesho la kurudi, vijana wangu, lipigeni kwanza, siku ya kwanza asubuhi, kabla mtu yeyote hajapata sababu ya kwenda zake.